Viwanja Chini ya Mlima Hanang: Ardhi Iliyo Wazi Ni Ipi?

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya mteremko wa Mlima Hanang iliyokuwa imeshiba maji ya mvua ilimeguka na kuporomoka. Tope zito lililochanganyika na mawe na magogo ya miti lilishuka kwa kufuata makorongo hadi katika mji mdogo wa Katesh na katika vijiji vilivyo jirani, Gendabi kikiwa miongoni mwao. Watu 89 walipoteza maisha, wengine wengi walijeruhiwa, na maelfu wakabaki bila makazi. Wataalamu wa jiolojia waliotumwa na Serikali walithibitisha kwamba haukuwa mlipuko wa volkano, kama baadhi ya watu walivyodhani siku ya kwanza, bali ni miamba dhaifu iliyonyonya maji hata ikashindwa kujishikilia.

Tangu siku hiyo hoja mbili zimekuwa zikishindana kila yanapotajwa makazi ya watu walio chini ya mlima huo. Wa hoja ya kwanza husema kwamba watu hawakupasa kuwapo pale tangu awali, na kwa hiyo wahamishwe wote. Wa hoja ya pili hujibu kwamba mlima hauporomoki kila mwaka, na kwamba mwenye kiwanja ana haki ya kurudi kiwanjani pake. Hoja zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini zote mbili zinaruka swali lililopaswa kutangulia: je, katika kitovu cha mji wa Katesh na katika vitongoji vya Gendabi, ni ardhi kiasi gani inayofaa kujengwa nyumba ya kulala watu, na nyumba hizo zaweza kusongamana kwa kadiri gani? Swali hili linapimika, na lisipopimwa kila mtu atalijibu kwa kutazama kwa macho tu.

Na macho hudanganya. Mgeni apitaye katika barabara ya Babati kwenda Singida huona mji uliobanana kando ya barabara, kisha nje kidogo huona nafasi pana, akajiuliza kwa nini watu wamerundikana mahali pamoja. Takwimu za jumla nazo zinaweza kumpoteza vilevile. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,892,502 katika mkoa wa Manyara, ambao eneo lake ni kilomita za mraba 44,522. Ukigawanya, unapata kama watu 42 kwa kila kilomita ya mraba, idadi ambayo haiwezi kumtisha mtu yeyote. Lakini hakuna mtu anayeishi katika wastani. Sehemu ya eneo hilo ni nyika kavu, sehemu ni hifadhi za taifa za Tarangire na Ziwa Manyara, sehemu ni maziwa ya magadi, na watu wamekwenda palipo na maji na udongo mwema. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 1,425,131 katika mkoa huohuo. Kwa hiyo katika miaka kumi wameongezeka kwa karibu theluthi moja. Nyongeza hiyo haikutawanyika sawasawa juu ya ramani.

Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ni chanzo cha maji katika nchi iliyo kavu pande zake nyingi. Msitu wake huzuia mawingu, chemchemi zake hulisha vijito, na udongo uliotokana na majivu na mawe ya volkano huzaa mahindi, maharage na ngano pasipo kubembelezwa sana. Mnamo mwaka 1985 wilaya ya Hanang iligawanywa, Babati ikawa wilaya ya peke yake, na Katesh ikawa makao makuu ya Hanang. Zikaja ofisi, shule, hospitali, mnada wa mifugo, maduka, na baadaye barabara ya lami. Kwa mtu mwenye akili timamu, kujenga karibu na mambo yote hayo halikuwa kosa. Ni makosa, tena ni kukosa adabu, kusema kwamba waliofikwa na maafa walikuwa wajinga.

Ila kuna jambo moja ambalo ardhi yenyewe hulieleza kwa yeyote ajuaye kuisoma. Kijito kinaposhuka kutoka katika mteremko mkali na kufika mahali pa tambarare, mwendo wake hupungua ghafla, nacho hutua mzigo wake wa mchanga, tope na mawe. Mwaka huu hutua upande huu. Miaka mingine, mkondo ukiwa umejiziba wenyewe, hutua upande ule. Baada ya karne nyingi mashapo hayo hufanya umbo kama la upepeo wa ukindu, mpini wake ukiwa katika mdomo wa korongo na kingo zake zikiwa zimetandaa bondeni. Mahali hapo huwa na mwinamo mdogo, udongo wenye rutuba, na maji yasiyo mbali. Hapana mahali pazuri zaidi pa kuweka kijiji. Na hapana mahali ambapo tope lina sababu zaidi ya kurudi, kwa kuwa ndilo lililopatengeneza. Milima ya volkano, ambayo imejengwa kwa matabaka ya majivu na mawe yasiyoshikamana vizuri, ina mapepeo ya namna hiyo kwa wingi.

Mji wa Armero nchini Colombia ulijengwa juu ya tope la kale lililoshuka kutoka katika volkano ya Nevado del Ruiz. Tope la mwaka 1845 lilipokauka, watu walikuja wakalima na kujenga juu yake. Mwezi Novemba mwaka 1985 tope jingine likapita njia ileile na kuua zaidi ya watu 20,000. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuchora ramani ya hatari mwezi mmoja kabla, na ramani hiyo iliuonyesha mji ukiwa ndani ya njia. Ramani haikukosewa, ilichokosa ni mtu wa kuitii.

Msongamano wa majengo hupimwa kwa njia mbili zisizopaswa kuchanganywa. Njia ya kwanza ni kupima ni sehemu gani ya kiwanja iliyofunikwa na jengo: nyumba yenye msingi wa mita za mraba 200 katika kiwanja cha mita 400 imefunika nusu. Njia ya pili ni kujumlisha sakafu zote: nyumba hiyohiyo ikipandishwa ghorofa moja juu inatoa mita 400 za sakafu, ingawa ardhi iliyofunikwa haikuongezeka hata kidogo. Miji midogo ya Tanzania, Katesh ikiwa mmojawapo, kwa kawaida hukua kwa njia ya kwanza. Kila kizazi kinafunika ardhi zaidi: chumba cha uani kwa ajili ya mpangaji, kibanda cha duka mbele, ghala nyuma, kisha ukuta wa kuzunguka vyote. Mji unakuwa mnene chini na mtupu juu.

Athari yake kwa maji ni rahisi kukokotoa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la bati lenye mita za mraba 100 humwaga lita 5,000, na bati halinyonyi hata tone. Paa mia moja kama hizo humwaga lita 500,000 katika muda wa mvua moja, nazo zote zinatafuta mtaro. Hapa yafaa kusema kweli ili lawama isiwekwe mahali pasipo pake: mabati ya Katesh hayakuuangusha mlima. Maporomoko ya 2023 yalianzia juu kabisa ya makazi. Kazi ya msongamano katika maafa ya namna ile ni nyingine. Majengo yaliyobanana kandokando ya mkondo huufanya mkondo kuwa mwembamba. Kalvati na madaraja huzibwa na magogo. Tope likishazibiwa hupanda kingo na kuingia mitaani, ambamo kuta zilizopangwa safu hulielekeza kama mfereji. Na zaidi ya yote, msongamano ndio unaoamua ni watu wangapi waliolala katika njia hiyo saa ile.

Sheria za nchi hazikulala katika jambo hili. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya hatari, nayo inaitaja waziwazi ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, pamoja na ardhi yenye mteremko unaozidi kiwango ambacho Waziri atakitaja baada ya kuzingatia ushauri wa kisayansi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakazia zile mita 60. Wapo wanaolalamika kwamba kipimo hicho ni kikali mno kwa mji mdogo wenye vijito vingi, na malalamiko hayo yanastahili jibu la hesabu badala ya kemeo.

Hesabu ni hii. Mita 60 kila upande ni mita 120. Kwa kila kilomita moja ya kijito, ardhi inayotengwa ni mita za mraba 120,000, yaani hekta 12. Tuseme hekta hizo zingepimwa viwanja vya mita za mraba 600, na sehemu mbili kwa tano zingeachwa kwa ajili ya njia na huduma: zingepatikana mita 72,000 za viwanja, yaani viwanja 120. Ndiyo gharama ya kilomita moja ya usalama, nayo si ndogo. Kwa halmashauri inayohitaji mapato, viwanja 120 ni fedha, na kwa familia 120 ni maskani. Sasa chukua hekta 24 za ardhi iliyo salama katika mji huohuo. Zikipimwa viwanja vya mita 600 kwa utaratibu uleule, hutoa viwanja 240. Zikipimwa viwanja vya mita 400, hutoa 360. Vile viwanja 120 vilivyopotea kijitoni vimepatikana tena, pasipo kugusa shamba la mtu na pasipo kumsogeza mtu mbali na soko. Na kama wenye viwanja vya kitovuni wakiruhusiwa na kuwezeshwa kuongeza ghorofa moja tu, nafasi inayopatikana inazidi hapo.

Kwa hiyo inapasa kuachana na fikra kwamba msongamano ni uovu wenyewe. Fikra hiyo ina historia ndefu. Wakati wa ukoloni miji iligawanywa kwa msongamano: sehemu ya Wazungu ikawa na viwanja vipana na miti, sehemu ya Wahindi ikabanwa kiasi, na sehemu ya Waafrika ikabanwa zaidi, na majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yangali yanasikika hata leo katika miji mingi. Ndipo watu wengi wakajifunza kuona kiwanja kikubwa kuwa heshima na kiwanja kidogo kuwa dharau. Chini ya mlima kama Hanang hesabu hiyo inageuka. Mji unaotandaa ovyo ndio unaofika kwenye makorongo. Mji uliojikusanya mahali imara unaweza kuyaacha makorongo kwa maji.

Atatokea mtu kupinga kwamba mita 400 hazimtoshi Mwiraqw au Mbarbaig mwenye ng'ombe, ghala la mahindi na jamaa wengi. Pingamizi hilo ni la haki, nalo linaonyesha tofauti kati ya Katesh na Gendabi ambayo mipango mingi huisahau. Katesh ni mji: mwalimu, muuza duka na mwenye gereji hawahitaji zizi. Gendabi ni kijiji cha wakulima na wafugaji, ambamo nyumba, shamba na zizi vimeshikana. Kupima Gendabi kwa kanuni za mji ni kuwaharibia watu maisha. Huko jambo la kutenganisha si kiwanja na kiwanja, bali mahali pa kulima na mahali pa kulala. Mahindi yaweza kuteremka hadi karibu na korongo yakasombwa, na hasara ikawa ya msimu mmoja. Kitanda cha mtoto hakiwezi.

Ujuzi wa jambo hili si mgeni katika nchi ya Mbulu. Wairaqw wa nyanda za juu walijulikana kwa kulima kwa uangalifu mkubwa ardhi yenye miteremko, wakitunza mitaro na matuta, na tembe zao za kale zilichimbwa ubavuni mwa kilima, paa likiwa la udongo. Kila kipande cha ardhi kilikuwa na kazi yake kulingana na mwinamo na maji yake. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipowakusanya wananchi katika nchi nzima, lengo lilikuwa kuwaletea shule, zahanati na maji kwa pamoja, na mengi ya hayo yalifika. Lakini mahali pa vijiji palichaguliwa zaidi kwa kutazama barabara kuliko kutazama mkondo wa tope. Wakati ule upimaji wa mwinuko kwa kina ulikuwa kazi ya miezi. Leo picha za setilaiti zinaweza kuonyesha umbo la mteremko mzima kwa siku chache, na udhuru huo haupo tena.

Inabaki hoja ya kuhama. Serikali ilijenga, kwa kushirikiana na wahisani, nyumba 109 huko Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi yao. Jina la Waret si geni katika historia ya ardhi ya Hanang: ni jina la moja ya yale mashamba saba makubwa ya ngano yaliyoendeshwa na shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Canada tangu miaka ya 1970, yaliyochukua takriban ekari 100,000 za malisho ya Wabarbaig, hata wananchi wa Mulbadaw wakafika mahakamani kuidai ardhi yao. Asemaye kwamba Hanang ina ardhi tele huko uwandani hana budi kukumbuka kwamba ardhi hiyo nayo ilikuwa na wenyewe. Hapana ardhi tupu iliyokuwa ikimngoja mhamiaji.

Na kuhama kunadumu pale tu ambapo riziki imehama pamoja na mtu. Baada ya maporomoko ya mwaka 2010 huko Bududa, chini ya Mlima Elgon nchini Uganda, baadhi ya familia zilipelekwa Kiryandongo, mbali sana na mashamba yao ya migomba na kahawa. Baadhi zikarudi mlimani. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, waliokuwa wakiishi katika bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, nje ya jiji, lakini bonde halikubaki tupu, kwa sababu lipo hatua chache kutoka Kariakoo na riziki yake. Hawakurudi kwa ukaidi. Walipiga hesabu ya nauli. Kwa hiyo nyumba za mbali ni dawa kwa wachache waliopoteza kila kitu. Wengi waliobaki Katesh na Gendabi wanahitaji mahali salama palipo karibu, na mahali hapo patapatikana tu kwa kusongamana kwa utaratibu.

Utepe wa ardhi uliopitiwa na tope nao unahitaji kupewa kazi, kwa maana ardhi isiyo na kazi katikati ya mji haikai miaka mingi bila kibanda. Uwanja wa michezo, kitalu cha miche, malisho ya kukatwa, bustani za mboga: vyote hivyo vyafaa. Soko, ambalo wengine hulipendekeza kwa kuwa halilali watu, lifikiriwe mara mbili. Mwezi Mei mwaka 2023, miezi saba tu kabla ya Hanang, mafuriko na tope vilishuka Nyamukubi katika Kalehe, mashariki ya Kongo, siku ya soko, na umati uliokuwa umekusanyika ndio ulioongeza idadi ya maiti.

Kuna ugumu mmoja wa utawala usioonekana katika ramani za kawaida. Mji huendeshwa kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Mpima wa mji husimama kwenye mpaka wa mji, na halmashauri ya kijiji hugawa ardhi upande wa pili. Korongo linavuka mpaka huo bila kuuliza. Ramani ya hatari ya Hanang haina budi kuwa moja, kuanzia kilele hadi bondeni, na nakala yake ibandikwe katika ofisi ya kijiji cha Gendabi kama inavyobandikwa katika ofisi ya ardhi Katesh, kwa Kiswahili, yenye majina ya vitongoji na vijito kama wenyeji wanavyoyataja.

Kabla ya ramani hiyo, kuna kazi ndogo isiyohitaji setilaiti. Wazee na vijana waliolishuhudia tope la 2023 wanajua lilifika wapi, nyumba kwa nyumba. Wapimaji wakitembea nao kwa wiki moja, wakasimika mawe ya mpaka mahali kila mmoja anapoonyesha, mstari mzima utakuwa umeandikwa ardhini. Alama ya tope ukutani haikai: mwenye nyumba huifuta, huipaka chokaa, na mpangaji anayefuata hajui kwamba ilikuwapo.